Majina kwa Kalamu Nyekundu

Kituo cha hali ya hewa, mlimani
4 Machi

Mjomba Gundi,

Shikamoo. Vitabu vyako viwili vimefika. Dereva wa lori alivishusha kabla hata ya gesi na unga, akasema anajua mimi ni mtu wa kula karatasi.

DARAJA LA KAMBA nimekimaliza kwa siku mbili. Nimekisoma nimesimama, nimekisoma natembea, nimekisoma nikiwa nimeshika kipimajoto kwa mkono mwingine, na saa tisa alasiri nusura niandike joto la kwenye kitabu badala ya joto la hapa. WEZI WA MAKAA sikukipenda. Mtu anafukuzwa kurasa mia mbili na hasikii njaa hata siku moja! Nitumie kingine, na kingine, na kingine. Wewe ndiye uliyenilea kwa hadithi za safari mpaka nikashindwa kukaa kitini, ukaniita Panzi na jina likaganda. Sasa beba mzigo wako.

Unisamehe kwa penseli. Wino wa kawaida umekwisha na duka la karibu ni lori lenyewe, linalokuja kila baada ya wiki mbili. Nimebakiwa na kalamu nyekundu ya kuchorea mistari ya mvua, nayo naitumia kwa majina ya vitabu tu ili isiishe haraka. Na maandishi yangu ni ya sisimizi kwa sababu karatasi nayo ni ya kubania.

Sasa jambo lenyewe. Mwenzangu wa kituo ameondoka. Waliahidi kuleta mwingine, lakini ahadi hiyo imeshaota ndevu. Niko peke yangu. Mara tano kwa siku natoka kusoma vipimo, narudi ndani, nazunguka meza, natoka tena hata kama saa haijafika. Naongea na kipima mvua. Juzi nilisikia kama kimenijibu. Simu haishiki huku, na redio ya kituo ni ya kutuma namba tu.

Nikiondoka kabla ya mkataba kuisha, rekodi ya miaka thelathini inakatika, na pengo litakuwa na jina langu. Nikibaki, sijui atakayeshuka mlimani atakuwa mtu gani. Mama nikimuuliza atalia. Kwa hiyo nakuuliza wewe: nibaki au niondoke? Neno moja tu, Mjomba, nami nitalifuata bila ubishi. Unajua sijawahi kukuahidi kitu kama hicho.

Mpwa wako asiyetulia,
Panzi

*

Karakana ya maktaba
16 Machi

PANZI,

MARAHABA. NIMEONA UMEPITIA DARAJA LA KAMBA NA WEZI WA MAKAA. SAFI SANA.

Naanza barua kwa herufi kubwa siku hizi, ndiyo mtindo wangu mpya, usinicheke. Ukifika umri wangu nawe utakuwa na mitindo.

Sasa sikiliza fundi. Kitabu cha safari kinapimwa kwa chai. Ukikianza chai iwe ya moto, ukikumbuka chai iwe imepoa na inzi yumo ndani. Kisipopoza chai, kirudishe. Nimeshona vitabu kwa miaka thelathini na mitatu na kipimo hiki hakijanidanganya.

Nakutumia MSAFARA WA CHUMVI. Nimetoka kukifumua na kukishona upya wiki hii, gundi bado ina harufu. Mzee mmoja anavusha ngamia arobaini jangwani kwa ajili ya deni la heshima tu. Ndugu yake ni MLINGOTI WA TATU, kile cha baharini nilichokuwa nakuhadithia ukiwa na miaka sita. Unakumbuka nahodha alivyoruka kutoka juu ya mlingoti? Hicho nacho nimekishona upya siku hiyo hiyo, lakini kiko rafuni kwa wasomaji wengine. Subiri zamu yako.

Kula vizuri.

Mjomba wako,
Gundi

*

Kituoni
1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jibu langu. Nimeigeuza nyuma. Nimeiangalia hata kwenye mwanga wa dirisha. Nimekuuliza nibaki au niondoke, unaniambia kula vizuri. Ndiyo jibu hilo?

Haya, labda unanipa muda wa kufikiri. Tuzungumze kitabu.

MSAFARA WA CHUMVI! Mjomba, aliyeandika hiki kitabu alikuwa kichaa au malaika. Mzee anapanda kilima cha mchanga kutafuta kisima, ngamia wanamtazama kutoka chini, ukurasa wa 128 unaishia hapo. Nafungua ukurasa wa 129, na mtu yuko juu ya mlingoti wa meli, chini yake bahari, mabaharia wanamtazama! Hakuna maelezo. Jangwa limegeuka maji. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka kurasa, lakini namba zinafuatana vizuri kabisa. Kuanzia hapo ni meli mpaka mwisho, na wale ngamia hawatajwi tena.

Nilikasirika siku moja, siku ya pili nikaanza kukipenda. Nikasema, labda ndivyo mtu anavyokuwa akizidiwa na kiu: anaona bahari, anahamia humo, harudi. Nami nikitazama mawingu chini ya mlima huu huwa naona maji. Uliligundua hilo wakati unakishona? Au ndivyo kilivyo?

Nijibu hilo. Na nijibu lile la kwanza. Begi langu liko chini ya kitanda, nusu limejaa.

Panzi

*

Karakana
13 Aprili

PANZI,

MARAHABA. NIMEONA UMEMALIZA MSAFARA WA CHUMVI.

Usiniambie hukulia pale mwishoni, yule ngamia mzee alipolala mbele ya lango la mji na mzee akakataa kuingia bila yeye. Mimi nililia mbele ya wanagenzi wawili. Niliwaambia ni gundi.

Kitabu kama hicho jangwa lake halikuachi hata ukurasa mmoja. Mwandishi mwingine angechoka, angekupeleka mjini ukapumzike. Huyu hapana.

Sasa nakutumia PANGO LA SAA SITA. Kinaanza polepole, usikate tamaa. Ukifika kwenye ngazi ya mawe utanishukuru. Kuna doa jekundu kwenye jalada la nyuma, si kitu, mashine ya kukatia karatasi ilinigusa kidole gumba. Kimepona.

Mjomba wako,
Gundi

*

Kituoni
29 Aprili

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kidole hakijambo.

PANGO LA SAA SITA nimekisoma.

Nina habari njema. Nimeolewa na Dereva wa lori. Ndiyo, yule yule, mwenye wajukuu tisa na jino moja la mbele. Harusi tulifanya jikoni, kipima mvua kikawa shahidi. Mke wake wa kwanza ametutumia salamu. Tumekubaliana kwamba nitahamia kwenye lori, nitalala kwenye magunia, na rekodi ya mvua nitaiandika kwa kukadiria. Pia nimefuga simba. Anakula vipimajoto.

Nasubiri baraka zako.

Panzi

*

Karakana
11 Mei

PANZI,

MARAHABA MWANANGU. NIMEFURAHI SANA KWA PANGO LA SAA SITA. NILIJUA UTAPENDA.

Watu wengi huingia kwa pupa, wakiona giza wanatoka mbio. Wewe umevumilia mpaka mwisho, ndiyo maana nakupenda. Sasa umekomaa, unaweza kupewa mambo mazito zaidi.

Nakuongezea WINDO LA MWISHO. Hakuna kitu kipya huku. Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako,
Gundi

*

Kituoni
13 Mei, Dereva ananisubiri, injini inanguruma

MJOMBA.

HUONI.

HUSOMI BARUA ZANGU. UNASOMA MAJINA MEKUNDU TU.

KITABU CHA JANGWA ULIKISHONA NA KITABU CHA BAHARI. NUSU HII, NUSU ILE. NILIKUANDIKIA, HUKUSOMA.

KIDOLE KILIKUTANA NA MASHINE KWA SABABU HUONI.

TANGU LINI? NANI ANAJUA?

KALAMU YOTE NYEKUNDU NITAIMALIZA KWAKO. NIJIBU KWELI.

PANZI

*

Karakana
25 Mei

PANZI,

Nimesoma. Herufi zako zilikuwa kubwa kama za tangazo la mnada. Nilikaa nazo mlangoni, kwenye jua, nikazisoma mara moja tu na ikatosha.

Ni kweli. Mwaka wa pili huu. Kwanza nilidhani taa za karakana zimechoka, nikabadilisha. Kisha nikadhani ni miwani. Sasa naona kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa nailoni. Daktari wa zahanati aliniangalia dakika mbili akasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, nenda hospitali watoe. Nilimwambia asante nikatoka.

Anajua nani? Wewe. Nasoma kwa mikono. Karatasi naijua kwa kidole, ngozi naijua kwa harufu. Zamani kabla ya kushona nilikuwa nasoma mstari wa kwanza wa kila fungu la kurasa, kuhakikisha hadithi inafuatana. Siku hizi nahesabu tu mafungu. Vile vitabu viwili ni vya kampuni moja, kimo kimoja, karatasi moja. Nilivifumua mezani siku moja. Mafungu manane na manane, nikayachanganya. Sikujua mpaka uliponiambia. Panzi, sijawahi kuona aibu kama hiyo maishani mwangu. Fundi mzima!

Kuna pacha wa kitabu chako huku rafuni: kinaanza baharini, kinaishia jangwani. Kimeazimwa. Kikirudi nitakificha, maana Mkutubi Mkuu mpya ni mwanamke wa kufungua kila kitu na kunusa.

Usiniambie niende hospitali. Mama yangu, bibi yako, aliingia hospitali akiona kivuli cha mlango. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Alitoka haoni hata kivuli, akaishi hivyo miaka kumi na moja, akiuliza kila asubuhi kama kumekucha. Afadhali nusu niliyo nayo.

Usimwambie mama yako. Naomba.

Na kama kwenye zile barua za penseli kulikuwa na jambo la maana, niandikie tena kwa herufi kubwa. Zote nimezitunza kwenye droo.

Gundi

*

Kituoni
10 Juni

MJOMBA,

SHIKAMOO. SITAMWAMBIA MAMA. LAKINI MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA, NAWE UNA MASHINE YENYE KISU MITA MOJA.

KULIKUWA NA JAMBO LA MAANA. NI SWALI. SITALIANDIKA TENA. LIKO KWENYE DROO YAKO, KWA PENSELI, NA UTALISOMA KWA MACHO YAKO. MTU ASIKUSOMEE. SI DEREVA, SI MAMA, SI MWANAGENZI. NITASUBIRI HAPA HAPA.

SASA ZAMU YANGU KUKUPENDEKEZEA KITABU. NI MLINGOTI WA TATU. NINA NUSU YAKE, ILIYOBAKI KWENYE JANGWA LANGU. ULINIDANGANYA, MJOMBA. NAHODHA HAKURUKA. NAKUNAKILIA, NYUMA YA MICHORO YA MVUA, HERUFI ZA UREFU WA KIDOLE, UKURASA MMOJA KARATASI SITA:

"Nahodha alikaa juu ya mlingoti tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Alikuwa amekumbatia mti kwa mikono na miguu, na hakuweza kuachia hata kidole. Mabaharia walikoma kucheka. Alilia, wakamsikia, akajua kwamba wamemsikia. Ndipo mpishi, ambaye hajawahi kupanda kamba maishani mwake, alipofunga aproni kiunoni akapanda. Alipomfikia hakumwambia usiogope. Alisema: mimi pia naogopa, Nahodha, kwa hiyo tushuke pamoja. Anza na mguu wa"

HAPO NIMEACHA. MENGINE UTASOMA MWENYEWE.

PANZI

*

Karakana
22 Juni

PANZI,

Umekuwa mkubwa sana. Mtoto niliyemfuta kamasi ananifundisha woga.

Nahodha aliruka! Mimi ndiye niliyekuwa nasoma, wewe ulikuwa umekaa mapajani mwangu unatafuna kamba ya kiatu changu. Baba yako alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma. Ulisimama ukasema aruke, Mjomba, aruke. Ningekwambia nini? Kwamba nahodha mzima analia juu ya mti na kamasi linamtoka? Nilifunga kitabu nikamrusha. Akatua vizuri. Ukalala. Kila siku ukataka aruke tena, nami nikamrusha kila siku kwa miaka miwili. Hata mwenyewe nilikwisha sahau kwamba hakuruka.

Basi umenikumbusha. Asante.

Pacha wa kitabu chako amerudi. Aliyekiazima amekiacha mezani kwa Mkutubi Mkuu na kikaratasi ndani. Nimeitwa ofisini Ijumaa. Sitalala mpaka hapo.

Usiniandikie tena habari za mlingoti. Na swali lako kaa nalo.

Gundi

*

Kituoni
24 Juni

MJOMBA,

DEREVA ANASEMA ALIKUONA UKIPAPASA UKUTA KUTAFUTA MLANGO WA KARAKANA YAKO MWENYEWE.

NAOGOPA. NAKUAMBIA WAZI, KAMA YULE MPISHI. WEWE NDIYE BABA NILIYEBAKIWA NAYE.

SASA WINO UNAKARIBIA KWISHA. NAKUPA MANENO MATATU TU, YALE YALIYOFUATA KITABUNI:

MGUU WA KUSHOTO.

PANZI

*

Kituoni
8 Julai

Mjomba,

Lori limekuja bila barua. Unga upo, gesi ipo, betri zipo, barua hakuna. Dereva anasema karakana ina kufuli na wanagenzi wamepelekwa kupanga magazeti. Mlinzi naye ni mgeni, hajui lolote.

Naandika kwa penseli kwa sababu wino umekwisha kabisa. Najua hutasoma. Naandika tu ili mikono ipate kazi.

Nimefungasha begi mara tatu na kulifungua mara tatu. Mara ya tatu nilifika na begi kwenye lori, nikaweka mguu kwenye ngazi, saa ya kipimo cha saa tisa ikalia, nikarudi kusoma kipimo. Dereva aliniangalia kama mtu anayemwangalia kuku aliyepotea. Nyuzi kumi na nne, upepo wa kusini, mvua sifuri. Nilipotoka tena nilimwambia aende.

Pengine wamekufukuza kazi. Pengine mashine imekukata vibaya safari hii. Pengine ni maneno yangu ndiyo yamekukata. Nilikuchokoza kama mtoto anayechokoza jeraha, nikidhani nakutibu. Kama ni hivyo, nisamehe. Usiende popote. Kaa na nusu yako, nitakuja kukusomea kila siku, nitamrusha nahodha kila siku.

Panzi

*

Ofisi ya Mkutubi Mkuu
20 Julai

Kwa Mpima Hali ya Hewa, Kituo cha Mlimani

Salamu. Mimi ndiye mkuu wa maktaba ambako mjomba wako ni fundi wa vitabu. Hatujuani, na kwa kawaida siandiki barua za watu.

Nilimwita fundi ofisini Ijumaa ya tarehe 26 Juni kuhusu kitabu kilichoshonwa vibaya. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Nilimpa kikaratasi cha msomaji asome. Alikishika muda mrefu, akakigeuza, akakisogeza dirishani, kisha akaniambia, "Mama, mimi sioni." Akaketi bila kukaribishwa. Nami sikuwa na karipio lolote tena.

Kikaratasi chenyewe, kwa taarifa yako, kilikuwa kinauliza kama mwandishi huyo ana vitabu vingine vya namna hiyo.

Nilimwambia hawezi kukaribia ile mashine mpaka apate matibabu, na kwamba meza yake itamsubiri. Alikaa nyumbani siku nane bila kumfungulia mtu mlango. Siku ya tisa alikuja hapa amevaa koti la harusi, akaniomba nimpeleke hospitali, kwa sababu hakutaka dada yake amwone anavyotetemeka. Alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alisimama, akasema jambo kwa sauti ndogo, akaingia.

Wameanza na jicho moja. Lilivimba, kwa hiyo bandeji bado haijatolewa na daktari hataki kuahidi kitu. Barua yako ya tarehe 8 imefika. Nilijitolea kumsomea, yeye akakataa kwa ukali, akasema ni marufuku. Nyingine zote ziko kwenye droo aliyoifunga, na ufunguo ameenda nao wodini, ameuvaa shingoni.

Ameniomba nikuandikie yale aliyosema mlangoni. Mimi sikuyaelewa. Ni haya: mguu wa kushoto.

Wako,
Mkutubi Mkuu

*

Kituoni
22 Julai

Kwa Mama Mkutubi Mkuu,

Shikamoo. Asante. Sina maneno mengine, nimelia yote.

Tafadhali mwambie tu kwamba bado niko hapa, na kwamba nasubiri.

Panzi

*

Mlimani
19 Agosti

Mwanangu Panzi,

Marahaba, marahaba, na marahaba za barua zote ambazo sikuzijibu sawasawa.

Tazama mwandiko huu. Tazama vizuri! Ni wa sisimizi kama wako. Naandika kwa penseli kwa makusudi, kwenye magoti yangu, na naona kila herufi mpaka mkia wake. Jicho la kushoto limefunguka tarehe 24 Julai. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kiatu cha daktari, na kilikuwa kichafu, nikamwambia. Cha pili ni uso wa mama yako, amezeeka, hakuniambia. La kulia watalifanyia upasuaji mwezi wa kumi. Nitatetemeka tena, nimeshaarifu watu.

Niliporuhusiwa sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye droo. Nilizipanga barua zako kwa tarehe, nikaketi mlangoni mwa karakana, nikaanza na ile ya tarehe 4 Machi.

Panzi, niliisoma nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Uliniuliza neno moja, nami nikakujibu habari za chai na inzi. Ukauliza tena, nikakwambia habari za ngamia. Miezi mitano mtoto wangu amekaa juu ya mlima peke yake na begi limefungwa, akisubiri neno kutoka kwa mtu aliyekuwa anasoma majina mekundu tu na kujifanya anajua. Nimeficha macho yangu nikadhani najificha mimi peke yangu. Sikujua kwamba nimekuficha na wewe. Nisamehe.

Kuhusu ndoa yako na Dereva, nayo nimeisoma, na nimekumbuka kwamba niliibariki kwa herufi kubwa. Nilimwonyesha barua. Amecheka mpaka lori likatoka barabarani, na anasema wajukuu wake wote tisa wanakubali. Huyo simba sitaki kumwona.

Nimesoma pia MLINGOTI WA TATU, nusu iliyo kwenye yule pacha, pamoja na nusu ya jangwa lako iliyomo humo. Mkutubi Mkuu aliniamuru nivifumue vyote viwili nivirudishe sawa. Nimemwomba ruhusa ya jambo moja, akakubali kwa kukunja uso: kabla ya kuvifumua, tuvisome hivyo hivyo, wewe na mimi, mara moja. Kwa hiyo nakuletea pacha. Nimeona kwamba ulikuwa sahihi kuhusu kiu.

Sasa jibu lako. Nimelifikiria njia nzima na njia ilikuwa mbaya. Lori linageuza kesho saa nne asubuhi. Mbele kuna nafasi ya watu watatu. Ukisema tuondoke, nitabeba begi lako mwenyewe, na atakayekuuliza habari ya pengo kwenye rekodi aje aniulize mimi. Ukisema tubaki, nina likizo ya mwezi mzima, nina vitabu sita, na nimefundishwa na Dereva jinsi ya kusoma kipima mvua, ingawa nadhani ananidanganya. Nitakaa nawe mpaka walete mwingine. Neno moja tu, nami nitalifuata bila ubishi. Unajua sijawahi kukuahidi kitu kama hicho.

Barua hii haikupitia posta, na Dereva hataileta. Nimeiandika hapa nje, nimekaa juu ya jiwe karibu na hicho kipima mvua chako. Taa ya jikoni inawaka. Nakuona dirishani, Panzi, unazunguka meza. Umekonda. Umevaa shati langu la zamani. Naona mpaka vifungo.

Nitaipitisha chini ya mlango. Nimeshindwa kubisha hodi. Fungua wewe, halafu tuanze na mguu wa kushoto.

Mjomba wako,
Gundi